Antena ya Mzee Masolwa

Waya wa antena haukuwa na kazi yoyote chini ya gari, lakini Kasimiri alikuwa amelala chali huko huko, juu ya gunia, tochi ya kichwani inawaka mchana kweupe.

"Fundi!" Mwenye pikapu aliinama akachungulia. "Antena nimeona umeibandika juu ya paa. Sasa huko chini unatafuta setilaiti kwenye udongo?"

"Natafuta mahali pa kufungia waya wa eathi, mzee. Redio hizi zisipopata eathi nzuri zinakoroma."

"Haya. Ikikoroma nakuletea ulale nayo wewe."

Mzee Masolwa akacheka peke yake, akarudi kwenye benchi. Alikuwa mfugaji wa Choma, mtu wa minada, na redio hiyo ya setilaiti alinunuliwa na mwanawe ili asikose habari huko porini ambako stesheni za kawaida hazifiki.

Kasimiri akageuza uso. Mbele ya macho yake ulining'inia mpira wa breki.

Asubuhi ile, pikapu ilipoingia gereji, alikuwa ameshika kikombe cha uji, na uji ule haukunyweka tena. Pikapu nyeupe. Mbele, juu ya bampa, pembe za ng'ombe zimefungwa kwa waya, ya kushoto imekatika ncha. Hivyo hivyo alivyosema Koleta, muuza karanga wa barabara ya Kwihara, mtu pekee aliyeona: nyeupe, ina pembe, ya kushoto butu, imemgonga Julieth ikakimbilia mjini bila hata kupunguza mwendo.

Julieth alikuwa binti pekee wa Kasimiri. Miaka kumi na tisa. Alikuwa anarudi kutoka kushona sare za kwaya, na walipomwokota uzi wa kijani ulikuwa bado umemzunguka kidole. Siku hiyo ya kipupwe Kasimiri alikuwa Urambo, anatengeneza malori ya tumbaku. Alirudi kuzika tu. Mdogo wake Justus, ambaye gereji ni yao wote wawili, ndiye aliyechimba kaburi. Alichimba toka juu mpaka chini, akakataa kupokewa sururu, na watu wakasema mtoto yule alikuwa na baba wawili.

Miezi minane Kasimiri alikagua bampa la kila gari la wafugaji. Leo pembe zimekuja zenyewe, zimemwamkia.

Hakupiga kelele. Alibandika antena katikati ya paa, kidude cheusi, bapa, kama kifuniko cha kopo la mafuta ya mgando. Akapitisha waya chini ya mpira wa mlango, akauzamisha nyuma ya dashibodi, akaukaza kila kona usichezecheze. Kazi safi. Na huku mikono inafanya, mdomo unauliza.

"Mjini huku unakuja mara nyingi, mzee?"

"Nina kazi gani na mji? Kabla ya leo nilikuja mara moja tu, kipupwe kilichopita."

"Na gari hili hili?"

"Kwani nina lingine?"

"Dereva unaye?"

"Dereva wa nini, fundi? Miguu si ninayo?"

Basi, ikatosha. Kasimiri akaomba gunia, akaingia chini na kisu.

Hakuukata mpira wa breki ukaisha. Aliuacha ushikilie kidogo tu, ili gari litoke gereji kwa heshima zake. Toka pale mpaka kwenye reli ni mteremko mtupu, na kule chini malori ya mbao yanakatiza kutwa nzima. Mguu ukanyage mara moja kwa nguvu, imekwisha.

Alipotoka anajikung'uta vumbi, Justus alikuwa anaingia na vipuri kutoka sokoni. Akaiona pikapu. Boksi la vipuri likamponyoka, boliti zikatawanyika. Kasimiri akamkazia jicho: nyamaza, hata mimi nimeziona hizo pembe.

"Shikamoo, mzee," Justus alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, fundi wangu! Umekuja wakati mzuri. Shika ufunguo, nenda mpaka kwenye reli urudi, uniambie kama redio inakatakata."

"Mzee si ujaribu mwenyewe," Kasimiri aliingilia upesi.

"Toka Choma niko kwenye usukani, kiuno kimekufa. Aende huyu."

Justus aliupokea ufunguo haraka, kama mtu anayetaka kitu kiondoke mbele ya macho. Injini ikawaka. Redio ikaitika, mtangazaji wa nchi ya mbali akasikika kama yumo ndani ya gari. Pikapu ikaanza kujongea getini.

Kasimiri akatupa koleo, akakimbia, akainua mkono juu kumzuia mdogo wake.

"Mwache, fundi," Mzee Masolwa alisema nyuma yake. "Anaijua kuliko mimi. Kipupwe kile nilimwachia siku tatu, gia boksi ilikuwa imekufa. Wewe nikaambiwa uko Urambo. Narudi kuichukua, nakuta amenyoosha na bodi ya mbele kushoto, amepiga na rangi, na wala sikumwomba! Mafundi wa roho hiyo wamebaki wangapi?"

Justus akasita getini, akatoa kichwa dirishani.

"Vipi, kaka?"

Mkono wa Kasimiri ulikuwa bado uko juu. Akatoka nao mpaka katikati ya barabara, akawasimamisha wenye baiskeli wa upande huu na wa upande ule, akampungia mdogo wake apite.