Mlio wa Kiti cha Nyuma

Tik. Tik. Tik.

"Simamisha!" Mwenyekiti Maeng aliupiga mlango ngumi. "Bado upo! Huyo mdudu wenu bado yumo humu ndani!"

Gari jeusi likasimama katikati ya uwanja wa majaribio. Dereva alikodolea macho lami. Kando yake, kiti cha mbele, Jun-tae alishusha pumzi. Alikuwa mwana wa kiume pekee wa Mwenyekiti, na gari hili lilikuwa limewekwa mikononi mwake. Hakuwa amesikia kitu. Hakuna aliyewahi kusikia kitu, ila mzee.

Kampuni ya Maeng ilijulikana kwa vigari vidogo: vya teksi, vya walimu, vya wauza samaki wa Busan. Matajiri wa Seoul walivicheka na kupanda magari ya Wajerumani. Ndipo Mwenyekiti alipoapa kuwajengea gari la kuwafunga midomo. Vioo vya tabaka mbili. Mlango mzito kama wa benki. Ukiufunga, dunia inabaki nje.

Na ndani ya ukimya huo, mzee peke yake kiti cha nyuma, mlio.

Mhandisi Pyo alikuwa amelifumua gari lote. Aling'oa viti, akabadilisha kila nati, akalaza nyuma magunia ya mchanga yenye uzito wa Mwenyekiti na kuyazungushia vinasa sauti. Kimya. Akalala yeye mwenyewe. Kimya. Mzee akirudi kitini: "Bado!" Kumzungushia Mwenyekiti vinasa sauti, nani angethubutu?

Mchana ule, karakanani, meza ya tambiko ilikuwa tayari mbele ya boneti, kichwa cha nguruwe aliyechemshwa kikitabasamu juu yake, pombe ya mchele pembeni. Kesho yake wageni wangekuja kuliombea gari heri. Mzee alikula supu yake palepale, Pyo amesimama kama mshtakiwa.

Jun-tae aliisogeza sahani ya mboga za majani mbali na baba yake. Akafungua kikopo kidogo cha fedha na kumwekea kidonge kiganjani. Kilikuwa cha kulainisha damu. Tangu baridi iliyopita, mzee alipolazwa kusafishwa mishipa, kazi hiyo Jun-tae hakumwachia mtu. Asikikose hata siku moja, wala mboga za majani zisikipunguze nguvu, damu isije ikaganda, daktari alikuwa amemwonya.

"Mnamwona muuguzi wangu?" mzee alicheka, akameza. "Kumeza anajua kunimezesha. Gari hajui kujenga."

"Mwenyekiti, kosa ni langu," Pyo alisema, akapiga magoti. "Mkurugenzi Jun-tae hana..."

"Nyamaza! Baba yako aliuza vyuma chakavu, na wewe leo unaniuzia mimi." Mzee akamgeukia mwanawe. "Nikiusikia mlio huo mbele ya wageni, kampuni nampa mume wa dada yako. Wewe utakwenda Mokpo kuuza vitoroli. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwenyekiti." Kiwandani hakuwahi kumwita vinginevyo.

"Hujaelewa. Twende. Leo unakaa nyuma na mimi."

Dereva aligeuka kama aliyeona mtu akikanyaga meza ya tambiko. Kiti cha nyuma kilikuwa cha Mwenyekiti peke yake. Hata mawaziri waliokuja kumtembelea walifuata kwa magari yao.

Jun-tae aliingia, akakaa ukingoni, mikono juu ya magoti. Mlango ukafungwa, na dunia ikabaki nje.

"Sogea. Sogea, nimesema!" Mzee akamkamata sikio kama mtoto aliyeiba, akamvuta mpaka kichwa kikagusa koti lake. "Sasa sikiliza, ng'ombe wewe."

Pyo aliwatazama kupitia kioo. Aliona uso wa Jun-tae ukipoteza rangi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mwenyekiti."

"Ahaa! Kumbe mimi si kichaa!" Mzee akashuka, amefurahi kama aliyeshinda kesi, akaubamiza mlango nyuma yake.

Jun-tae hakushuka. Alibaki peke yake ndani ya kile kimya, ameinamisha kichwa, akisikiliza. Alikaa hivyo mpaka Pyo akagonga kioo kwa ukucha.

"Mkurugenzi, unatoka wapi? Nionyeshe tu mahali. Nitautoa sasa hivi, hata kwa meno."

Jun-tae alishuka bila kumtazama.

"Nani mwenye kosa?" mzee aliuliza.

"Mhandisi Pyo."

Mzee mwenyewe ndiye aliyemnyofoa Pyo beji kifuani na kuitupa mezani, kando ya kichwa cha nguruwe. Walinzi wakamtoa nje.

"Na wageni wa kesho?"

"Tuahirishe ujio wao, Mwenyekiti. Nipe mwezi mmoja. Kila siku utapanda gari hili, utakaa nyuma, utasikiliza mwenyewe. Ukiusikia bado siku ya mwisho, niende Mokpo."

Mzee alimpima kwa macho, kisha akaguna. "Leo angalau una ulimi wa mwanamume." Akatweta kidogo. "Na hicho kikopo kisisahaulike. Usije ukaniacha jioni bila kidonge."

"Vidonge basi," alisema Jun-tae, akakisukuma kikopo chini kabisa ya mfuko. "Daktari kasema sasa u mzima."

Kisha akamsogelea, akaanza kumfunga vifungo vya koti, taratibu, vidole vikipita juu ya kovu refu la kifua, mahali ambapo baridi iliyopita madaktari, kwa idhini ya mwana na bila mzee kuambiwa, walipachika moyoni kipande cha chuma kinachofunguka na kujifunga, tik, tik, tik.

"Mlio huo utanyamaza, baba," alisema. "Nakuahidi."