Daraja la Ramani ya Zamani

Mukalay aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba hasemi uongo hata chembe: daraja lipo, na enzi za udereva wake alilipita huku simba wawili wakimpisha.

Ramani mbili zilikuwa zimetandazwa juu ya boneti ya lori, pale Musonoi, mtaa wa Kolwezi. Ya zamani ilionyesha barabara nyekundu ikikata nyika ya mchanga na kuvuka mto kwa daraja, hadi Sandoa. Kwenye ile mpya, mahali hapo palikuwa peupe kama sahani iliyolambwa.

Injini ilishaunguruma. Mwanamke mwenye lori alikuwa anaenda kumchukua shoga yake, aliyefukuzwa Kolwezi pamoja na watu wote wa asili ya Kasai. Sasa shoga huyo alikuwa Sandoa, akitaka kurudi.

"Tata, lori ikizama kule, mi nitamuona wapi tena?" mwenye lori akamuuliza mzee Mukalay.

"Mwana yangu, mi nilipita pale macho yamefumba!"

Kengele ya baiskeli ikalia. Alikuwa shoga mwenyewe, mchanga hadi kwenye kope, kuku amefungwa usukanini. Wakakumbatiana mpaka kuku akalalamika.

"Umepita wapi?"

Akaweka kidole chenye vumbi juu ya ramani ya zamani. "Hapa. Tulivuka na mutumbwi. Daraja? Bazungu balichoraka tu, habakujengaka hata siku moja."

Wote wakamgeukia Mukalay. Akakohoa.

"Lakini simba walikuwepo."

"Tata, kwa uongo huo, bukari ya mugeni utasonga wewe!" mwenye lori akacheka.

Basi Mukalay, mbele ya wanawake wa mtaa mzima, akakunja mikono ya shati, akaomba mwiko wa kusongea ugali.