Kikombe cha Chini ya Sinki

Siku hizi mzazi akimkataa mkwe kwa sababu ya rangi, anapelekwa sinema na kuketishwa kwenye kiti kinachopima moyo, wala hatoki mpaka moyo ubadilike. Mama yangu, Mhindi wa Mombasa, alitazama filamu ileile mara nne. Mara ya nne alilia kwa kwikwi, kiti kikatoa cheti.

Nyumbani alimkumbatia mchumba wangu Mwero, Mwafrika aliyekuwa amemkataa. "Nisamehe, mwanangu." Alisema kwa moyo wa kweli.

Nikapanga vikombe, Mama akamimina chai. Mwero alikitazama chake, akanywa yote.

"Tamu, Mama."

Ndipo nikakiona: kile cha bati, cha mfanyakazi wetu, kinachokaa peke yake chini ya sinki kisichanganyike na vyetu.

Aliyempangia Mwero kikombe hicho ni mimi, nisiyewahi kupelekwa sinema.