Pumzi ya Shebe

Siku hizi filamu hulipiwa kila mwezi, kwa kila sekunde ya picha unayoiweka nyumbani, na bei ikipanda watu hukata vipande. Jirani mmoja wa Mwanahija amebakiwa na farasi akiruka mto, basi.

Mwanahija alikuwa na filamu nzima ya kivita, iliyotafsiriwa na marehemu mumewe, Shebe, kwa sauti ile iliyojaza mabanda ya video. Katikati ya mizinga Shebe alijisahau, kipaza sauti kikiwa wazi, akaita: "Mwanahija! Chai iko wapi?" Mwaka hadi mwaka mjane akakata mapigano, akakata mizinga, mwisho akakata na chai. Likabaki jina lake tu: "Mwanahija!"

Leo bei imepanda tena, naye amerudi dukani kukatiwa.

"Mama, hela hii ni ya nusu sekunde," muuzaji alimwambia. "Jina halienei."

"Basi niachie pale mwanzo."

"Pale hajasema kitu. Anavuta pumzi tu."

"Hiyo hiyo. Jina langu nalijua."

Nyumbani alibandika maji ya chai, akawasha kioo cha video. Shebe akavuta pumzi.

"Abee!" Mwanahija akaitikia.

Kipande kikajirudia. Shebe akavuta pumzi tena, kama mtu ambaye hajaitikiwa.