Kanga ya Pili

Katika nchi niliyokwenda kufundisha, nguo za marehemu huchomwa siku ya arobaini, na mashine ya askari huzinusa popote zilipofichwa. Wanafunzi wangu walikuwa wakishona picha za vitambaa, karatasi na waya askari walipoingia. Mmoja wao, Nelida, alikumbatia shati la marehemu mumewe.

"Mwalimu, bado lina jasho lake!"

Wakamvunja mkono, wakalichukua. Kisha mashine ikalia mbele ya picha yangu, niliyoishonea juu ya kanga.

"Ya nani hii?"

"Ya marehemu dada yangu, Mwajabu."

Wakaikatakata kwa visu, wakaichoma nikitazama.

"Imebaki nyingine, mwalimu?"

"Hapana."

Hawakujua kwamba kanga huuzwa mbili mbili. Ya pili mama hujifunika, nyumbani Tanga. Leo redio imetangaza kuwa mashine zile zimeshushwa bandarini kwetu.