Salamu ya Zawena

Chemshabongo ilikuwa ya wanafunzi wa vyuo peke yao. Mwinchande, aliyemaliza chuo zamani, alikaa katikati ya timu, ndevu kanyoa, kavaa sweta ya chuo ya kuazima. Kabla ya swali la mwisho, timu zilipeana mikono. Binti wa upande wa pili akamkodolea macho, kisha akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu!"

Mwinchande angesema binti amemfananisha, yangeisha. Lakini mdomo ulishazoea kuitikia.

"Marahaba, Zawena. Mama hajambo?"

Ukumbi mzima ukageuka kuwatazama.

"Mwalimu wa nani?" mwamuzi aliuliza.

"Wangu!" Zawena alijibu kwa fahari. "Alinifundisha hesabu darasa la tatu."

Mwinchande aliinamisha kichwa, akaanza kuivuta mikono ya sweta, nayo ikagoma kufika viganjani.