Nyumba Moja, Bei Mbili

Verlin Hudak alimwaga ndoo nzima ya maji kwenye zulia la sebuleni, kisha akamwita mbwa aje alale pale. Mbwa, ambaye pengine ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote mle ndani, alikataa.

Wageni wawili walikuwa njiani kuja kuitazama nyumba. Saa nne asubuhi angefika mthamini wa kaunti kwa mambo ya kodi. Huyo ilibidi aione nyumba mbovu, maana kaunti ilikuwa imeipandishia bei kwenye karatasi kana kwamba Rais anataka kuhamia. Saa nane mchana angefika mthamini wa benki kwa mambo ya mkopo. Huyo ilibidi aione nzuri. Katikati palibaki muda wa kutosha kupiga deki.

Hila hiyo aliibuni Verlin mwenyewe, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Verlin ndiye aliyenunua nyumba mwaka ambao bei zilikuwa juu kuliko zote. Ndiye aliyetia akiba yake ya uzeeni kwenye hisa za kiwanda cha majokofu alichokuwa akifanyia kazi, miezi miwili kabla hakijafilisika. Pensheni ya kiwanda ikakatwa nusu. Kutoka dola ishirini na saba kwa saa, sasa alikuwa akiendesha foklifti ya kuinulia mizigo ghalani kwa kumi na tano, na magoti yake yalikuwa na miaka sitini na tatu kama yeye. Bila mkopo ule, yeye na mkewe wasingeweza kujikimu hadi umri wa pensheni ya serikali. Wangeuza nyumba kwa hasara na kuhamia kwa dada wa mkewe, mwanamke aliyewahesabia wageni karatasi za chooni.

Nadine, mkewe, alikuwa ametoka mapema kwenda kupika kwenye shule ya msingi.

"Verlin, usijitie ujanja leo," alimwambia mlangoni. "Mara ya mwisho ulipojitia ujanja, akiba yote ikaenda na maji."

"Ile ilikuwa bahati mbaya, mke wangu."

"Bahati mbaya ni wewe."

Kengele ililia saa nne kasoro dakika kumi. Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, tepu ya kupimia mkononi.

"Habari za asubuhi, bwana Hudak. Naitwa Paulette. Nimeongea na mkeo kwa simu sasa hivi, nikamwambia nimewahi, maana..."

"Najua, mama, najua. Ingia. Angalia tu unapokanyaga, sakafu imeoza."

Sakafu ilikuwa nzima kabisa. Verlin alimwonyesha zulia lililolowa, akamwonyesha doa la dari alilolichora usiku uliopita kwa chai. Makabati ya jikoni, aliyoyachonga kwa mkono wake, aliyafunika kwa mataulo machafu. Mtambo wa kupasha nyumba joto aliupiga teke, nao ukanguruma.

"Huo unakohoa kuliko mimi," alisema. "Na huko chini usishuke, mama yangu. Juzi nilimkuta panya, akaniangalia kana kwamba mpangaji ni mimi."

Paulette aliinua macho kutoka kwenye maandishi yake. "Watu wengi huanza na mazuri."

"Mimi ni mkweli," Verlin akasema, na kwa kitambo kidogo aliona haya.

"Niandike yote haya?"

"Yote. Andika na panya."

Akaandika. Alipokuwa akiaga, alimshika Verlin mkono kwa huruma ya kweli. "Pole sana, bwana Hudak." Verlin akajisifu moyoni, hakuwa amejua kwamba ana kipaji cha kuigiza.

Kisha akaingia kazini. Zulia alilikausha kwa kikaushio cha nywele cha Nadine. Doa la dari alilipaka rangi. Alichemsha mdalasini kwenye sufuria ili nyumba inukie kama kuna pai jikoni, kwa kuwa pai yenyewe hakuwa nayo. Alipoondoa mataulo kwenye makabati alisimama kidogo. Alikuwa ametumia majira mawili ya baridi kuyachonga, na ilimuuma kwamba asubuhi ile aliyakana mbele ya mtu.

Saa nane akaja mwanamume mnene mwenye tai na jalada kwapani.

"Samahani, bwana Hudak, kwa habari ya saa..."

"Samahani ya nini, ndugu yangu! Pita, pita. Umekunywa kahawa?"

Safari hii Verlin hakudanganya hata neno moja, na alishangaa jinsi kusema kweli kulivyo kutamu. Aliushika mkono wa mgeni, akaupitisha juu ya makabati. Aliuwasha mtambo wa joto, ukafanya kazi kimyakimya. Kisha akamshusha chini, kwenye chumba kikubwa chenye zulia jipya, na mlango wa pembeni.

"Bafu la pili," alisema, akifungua. "Nimelijenga kwa mikono hii. Hata kwenye karatasi za kaunti halimo."

"Halimo?"

"Wangelijuaje?" Akamkonyeza.

Mgeni akacheka hadi tumbo likatikisika. Akapima bafu, akapima tena, akaandika kwa muda mrefu. Verlin alihesabu kurasa mbili, akaanza kufikiria jinsi atakavyomtambia Nadine jioni.

Mlangoni yule bwana akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nashukuru sana, na uniwie radhi tena. Nilitakiwa kuwa hapa saa nne, gari likanizimikia njiani. Lakini niseme kweli, bwana Hudak, sisi watu wa kodi hatujazoea kupokelewa hivi."